Moshi wa Tanuri na Haki ya Mwenye Mti



Kila gunia la mkaa linaloingia mjini limeacha nyuma yake, kule porini, sehemu kubwa ya mti iliyokwisha kupaa pamoja na moshi. Hayo si maneno ya kutia chumvi. Katika tanuri la udongo la kawaida, tani moja ya kuni kavu hutoa mara nyingi kilo 100 hadi 200 tu za mkaa. Zilizobaki, kilo mia nane na ushei, hupotea hewani. Mti uliokua kwa miaka ishirini au thelathini hugeuka moshi kwa muda wa siku chache, na mwenye msitu hapati kitu kwa ajili ya moshi huo, isipokuwa kikohozi na macho mekundu.

Wengi wetu hudhani kwamba kinachopaa ni uchafu tu. Ukweli ni kwamba ndani ya moshi ule mna siki, mna spiriti, mna lami, na mna malighafi ya gundi na ya dawa za kuhifadhi mbao. Nchi za kaskazini zimekwisha kujenga viwanda vinavyokamata moshi wa miti na kuugeuza mafuta na kemikali. Zinaziita kemikali hizo jadidifu, maana yake zinaweza kupatikana tena na tena, kwa kuwa mti uliokatwa unaweza kuota tena. Nchi yetu ina misitu inayofunika zaidi ya nusu ya eneo la Tanzania Bara. Si ajabu basi ikiwa siku moja watafika wageni vijijini mwetu, wakiwa na michoro ya viwanda mikononi, wakiulizia miti yetu.

Wapo watakaouliza: Padre, mambo ya moshi na kemikali yanaihusu nini Tume ya Haki na Amani? Tunajibu kwamba yanatuhusu sana. Jambo hili ni la haki kabla halijawa la sayansi. Hatuna haja ya kubishana kama moshi una mali, unayo. Tunalopaswa kuuliza ni kwamba mali hiyo itakuwa ya nani, na itatokana na mti upi.

Kinachotokea ndani ya tanuri

Kabla ya kuzungumzia haki, yatupasa kulielewa jambo lenyewe. Mchoma mkaa analielewa vizuri kuliko wengi wetu tuliosoma, ingawa halitaji kwa jina la kitaalamu. Anapoyapanga magogo, akayafunika kwa majani na udongo, akaacha matundu machache tu ya kupitisha hewa, anafanya kile ambacho wataalamu hukiita pairolisisi. Maana yake ni kuuvunja mti kwa joto pasipo kuupa hewa ya kutosha kuuteketeza. Kuni za jikoni zikipata hewa huwaka, na mwishowe hubaki majivu. Kuni zilizonyimwa hewa haziteketei, bali hutengana na kuwa vitu mbalimbali.

Kwanza hutoka maji yaliyokuwamo katika mti, joto likiwa karibu na nyuzi 100 za Selsiasi. Hapo moshi huwa mweupe na mzito. Joto likipanda hadi karibu nyuzi 280, mti huanza kuvunjika kwa nguvu zake wenyewe na kutoa joto lake. Hapo ndipo moshi huwa mkali, wenye kuwasha macho na kuacha ladha ya uchungu mdomoni. Joto likifika nyuzi 400 na kuendelea, mkaa huwa umekaribia kuiva, na moshi hugeuka mwepesi wenye rangi ya buluu. Mchoma mkaa huyasoma yote hayo kwa macho na kwa pua, bila kipimajoto. Huo ni ujuzi wa kweli, na anayeuita ujinga humkosea heshima mwenye nao.

Moshi ule ukipitishwa katika bomba na kupozwa, hugeuka maji ya rangi ya kahawia yenye harufu kali. Maji hayo yakiachwa yatulie, lami nzito hutuama chini, na juu hubaki maji makali yanayoitwa siki ya mti. Ndani ya siki hiyo mna asidi ile ile inayoipa siki ya mezani ukali wake. Mna pia methanoli, ambayo wazee wa kazi hiyo waliiita spiriti ya mti, na asetoni inayotumika kuyeyushia rangi. Ndani ya lami mna fenoli, ambazo hutengenezewa gundi za kuunganishia plaiwudi, na mna kreosoti, ambayo huzuia mchwa na kuoza kwa mbao.

Viwanda vya zamani vya Ulaya, vilivyochoma magogo ndani ya mitungi mikubwa ya chuma, viliweza kupata kutoka katika tani moja ya kuni kavu takriban kilo 300 za mkaa, na juu yake takriban kilo 50 za asidi ya siki, na methanoli ipatayo kilo 15, mbali na lami. Linganisheni hesabu hiyo na ile ya tanuri la udongo. Mti ni ule ule na moto ni ule ule. Tofauti iko katika chombo, na katika nani aliye na fedha za kukinunua.

Kazi ya kale iliyorudi

Kazi hii si mpya duniani. Robert Boyle aliitenga spiriti ya mti mwaka 1661. Mjerumani Karl von Reichenbach alipata kreosoti katika lami ya miti mnamo mwaka 1832. Katika karne ya kumi na tisa Ulaya na Marekani zilikuwa na viwanda vingi vya namna hii vilivyotoa siki, spiriti na lami kwa ajili ya rangi, nguo na meli. Katika miaka ya 1920 Henry Ford aliyachukua mabaki ya mbao za kutengenezea mabodi ya magari yake, huko Michigan, akayafanya mkaa wa kufinyangwa, akayauza pia maji ya moshi wake baada ya kuyachuja. Hakukata msitu mpya kwa ajili ya kazi hiyo. Alitumia kile ambacho kingetupwa.

Baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 1923 Wajerumani walianza kutengeneza methanoli kiwandani kwa gesi iliyotokana na makaa ya mawe. Kisha yakaja mafuta ya petroli na gesi asilia kwa bei nafuu. Viwanda vya moshi wa miti vikafungwa kimoja baada ya kingine. Kimoja kilichodumu sana, kule Prémery nchini Ufaransa, kilianzishwa mwaka 1886 na kufungwa mwaka 2002. Kiliacha ardhi iliyochafuliwa kwa lami na sumu, na mzigo wa kuisafisha ukaiangukia serikali. Tulikumbuke hilo, maana tutalirudia.

Kwa nini basi kazi hii imerudi? Ni kwa sababu dunia imetambua kwamba petroli, gesi na makaa ya mawe vinaiongezea anga hewa ya ukaa na kuvuruga mvua na majira. Wanasayansi wamebuni njia mpya ya pairolisisi ya haraka. Mbao husagwa kuwa chembe ndogo, zikapigwa joto la karibu nyuzi 500 kwa muda usiozidi sekunde mbili hivi, kisha mvuke wake hupozwa papo hapo. Kwa njia hiyo mkaa hupungua, na mafuta ya mti huweza kufikia sehemu sita au saba katika kumi za uzito wa mbao kavu. Huko Joensuu, nchini Finland, kiwanda cha namna hii kilizinduliwa mwaka 2013. Huko Hengelo, nchini Uholanzi, kingine kilianza mwaka 2015. Huko Gävle, nchini Sweden, kingine kilianza mwaka 2021 kando ya kiwanda cha mbao, kikitumia unga wa misumeno.

Tusidanganywe, lakini, kwamba mafuta hayo ni dhahabu inayotiririka. Robo yake hivi ni maji. Ni makali, hula chuma, na hayachanganyiki na dizeli mpaka yafanyiwe kazi nyingine ya gharama kubwa. Mtu akija kijijini na kuahidi utajiri wa haraka kutokana na mafuta ya miti, na aulizwe maswali mawili: nani atayanunua, na kwa mkataba gani?

Liangalieni pia jambo moja katika mifano hiyo. Viwanda hivyo vya kaskazini vimejengwa juu ya mabaki: unga wa mbao, mabanzi, maganda na matawi. Havikujengwa juu ya kukata msitu wa asili. Wenyewe wanajua kwamba mti mzima una thamani kubwa zaidi ukiwa mbao kuliko ukiwa moshi. Ikiwa wao hawauchomi msitu wao, kwa nini mtu aje kuuchoma wetu?

Neno "jadidifu" lina sharti

Ndugu wapendwa, neno hili "jadidifu" ni zuri, lakini linaweza kuficha mambo. Mti haufanywi upya na kiwanda. Unafanywa upya na muda, na mvua, na kisiki kilichoachwa hai. Kiwanda kinachokula miti kwa kasi kuliko inavyoota hakitoi kemikali jadidifu, hata kama kibao chake kimeandikwa hivyo. Kinachimba msitu kama mtu anavyochimba mgodi, na siku moja kitafika chini.

Tunao mfano wetu wenyewe wa kulipa neno hilo maana yake ya kweli. Kuanzia mwaka 2012, katika Wilaya ya Kilosa mkoani Morogoro, vijiji kadhaa, vikisaidiwa na mashirika ya uhifadhi, vilijaribu njia nyingine ya kuvuna mkaa. Kijiji kilitenga msitu wake wa hifadhi kwa mujibu wa sheria. Sehemu moja tu ya msitu huo iliwekwa kwa ajili ya mkaa, ikagawanywa katika viwanja vya mita 50 kwa 50, vikavunwa kwa kurukana kama miraba ya bao la drafti. Kiwanja kilichovunwa kiliachwa kipumzike kwa miaka 24. Visiki havikung'olewa, kwa kuwa miti mingi ya miombo huchipua tena kutoka katika visiki na mizizi yake. Wachoma mkaa walifundishwa kujenga matanuri bora yatoayo mkaa mwingi zaidi kwa kuni zile zile. Ushuru ulibaki kijijini, na kwa fedha hizo vijiji vilijenga madarasa na kugharimia huduma za afya na maji.

Hapo tunaona kwamba kilichoufanya msitu uwe jadidifu ni mambo matatu: mpaka uliochorwa, muda uliopangwa, na mapato yaliyobaki mikononi mwa wenye msitu. Likiondolewa moja, mengine mawili hayasimami. Mwaka 2019 kanuni mpya za serikali kuhusu uvunaji na uuzaji wa mazao ya misitu ya vijiji ziliupunguza uhuru wa vijiji, na biashara hiyo ikashuka. Msitu haukubadilika, wala wachoma mkaa hawakusahau kazi yao. Kilichobadilika ni nani mwenye kauli. Nasi tunajifunza kwamba kauli juu ya mti ni sehemu ya thamani ya mti.

Onyo kutoka Kisarawe

Si mara ya kwanza kwa vijiji vyetu kuahidiwa neema kwa jina la nishati jadidifu. Katika miaka ya 2000 zilikuja kampuni za kupanda mibono ili kutengeneza mafuta ya magari. Huko Kisarawe, mkoani Pwani, zaidi ya hekta 8,000 za ardhi iliyokuwa ya vijiji zaidi ya kumi zilitolewa kwa mwekezaji kutoka nje kwa miaka mingi ijayo. Wananchi waliahidiwa ajira, visima, zahanati na barabara. Mwaka 2011 kampuni ilifilisika. Ajira zikaisha, na ahadi nyingi zikabaki maneno. Ardhi haikurudi kijijini kwa kuwa mradi umekufa, maana ilikuwa imekwisha kuondolewa katika ardhi ya kijiji na kuingizwa katika ardhi ya jumla. Wananchi waliopoteza mahali pa kuokota kuni, kuchota maji na kuchimba dawa hawakuwa na mlango wa kubisha.

Hatusemi kwamba kila mwekezaji ni mwongo. Twasema kwamba hata mwekezaji mwema anaweza kufilisika, na hapo mkataba peke yake ndio unaobaki kumlinda maskini. Mkataba ukiwa umeandikwa vibaya, au umeandikwa kwa lugha ambayo wanakijiji hawaisomi, wema wa mtu aliyeondoka hauwafai kitu.

Mchoma mkaa naye ni jirani yetu

Yako makosa mengine ambayo hutendeka mara nyingi tunapozungumzia misitu. Tunamlaani mchoma mkaa kana kwamba yeye ndiye adui wa nchi, huku sisi wa mjini tukisonga ugali kwa mkaa wake. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba biashara ya mkaa nchini Tanzania ilikuwa na thamani ya dola za Marekani milioni 650 kwa mwaka, na kwamba serikali ilikuwa ikipoteza mapato ya dola zipatazo milioni 100 kila mwaka kwa kutoisimamia ipasavyo. Je, katika mamilioni hayo, mchoma mkaa aliyelala porini akililinda tanuri lake lisipasuke alipata kiasi gani? Aliyevuta hewa ya sumu, akaungua mikono, akakimbizwa na kufaidiwa na kila mtu barabarani, ndiye mwenye fungu dogo. Tena utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba chanzo kikuu cha ufyekaji wa misitu Tanzania ni upanuzi wa mashamba. Tusimtwike mtu mmoja mzigo wa wote.

Mwaka 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, ukiwa na lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Ni lengo jema, nasi tunaliunga mkono. Akina mama wanaokohoa jikoni hawahitaji mahubiri juu ya uzuri wa kuni. Lakini tuulizane: mkaa ukikosa soko, mwanakijiji atauona msitu wake una faida gani? Msitu usiompa mtu kitu hugeuzwa shamba la mahindi au ufuta. Kwa hiyo kuutafutia mti thamani nyingine ni kazi ya lazima. Ndiyo maana hatuikatai pairolisisi. Tunakataa tu kwamba iingie bila haki.

Nasi tunadhani kwamba mahali pa kuanzia ni kwenye mabaki. Katika Nyanda za Juu Kusini, Mufindi, Njombe na kwingineko, kuna mashamba makubwa ya misindano na mikaratusi, na misumeno mingi inapasua mbao kila siku. Penye msumeno huwa pana lundo la mabanzi na maranda, na mara nyingi lundo hilo huchomwa bure au huachwa lioze. Njombe pia imeishi miongo mingi na miwati, ambayo magome yake hutoa tanini ya kulainishia ngozi. Wananchi wa huko wanajua tayari kwamba mti unaweza kuuzwa kama dawa ya kiwandani, wala si lazima uuzwe kama kuni. Hapo ndipo kiwanda cha moshi, kikija, kinapaswa kuelekezwa, mbali na miombo ya Lindi, Tabora au Katavi, ambayo ikiisha haitarudi kwa haraka.

Mafundisho ya Kanisa juu ya jamii yanatupa kipimo katika hayo yote. Mali ya dunia imewekwa kwa ajili ya watu wote, na hivyo ndivyo alivyokumbusha Papa Paulo wa Sita mwaka 1967. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika ujumbe wake wa Siku ya Amani wa mwaka 1990, aliunganisha amani na utunzaji wa viumbe. Papa Fransisko, mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini ni lazima visikilizwe pamoja. Anayeuokoa msitu kwa kumfukuza maskini hajatenda haki. Anayemnufaisha maskini leo kwa kumwachia mwanawe jangwa naye hajatenda haki.

Yatupasayo kufanya

Wapendwa viongozi wa walei, hatuandiki ili mjue tu. Tunaandika ili mwende katika Jumuiya Ndogo Ndogo na vigango mkayazungumze, kabla hajafika mtu wa kuwaharakisha. Tunapendekeza mambo matano.

Kwanza, kila kijiji chenye msitu kiulize kama msitu huo umeandikishwa. Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutangaza msitu wa hifadhi wa ardhi ya kijiji, kuutungia mpango wa usimamizi na sheria ndogo, na kunufaika na mazao yake. Msitu usioandikishwa ni rahisi kuitwa pori lisilo na mwenyewe.

Pili, waumini wahudhurie mkutano mkuu wa kijiji. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 haihamishwi kuwa ardhi ya jumla pasipo kibali cha mkutano huo. Inapozidi hapo, uamuzi ni wa waziri, lakini mkutano bado una haki ya kupokea maelezo na kutoa maoni yake. Mara nyingi watu hukosekana mkutanoni, kisha hulalamika barabarani. Akina mama wasibaki nyuma, maana wao ndio wanaojua kuni na maji yanatoka wapi.

Tatu, kijiji kikiombwa miti au mabaki, kiulize: mtatumia nini, tani ngapi kwa mwaka, na kipimo hicho kitakaguliwa na nani? Kisiki kitaachwa? Msitu utapumzika miaka mingapi? Majibu yaandikwe kwa Kiswahili, yasomwe kwa sauti mbele ya mkutano, na nakala ibaki ofisini kwa kijiji. Iandikwe pia kwamba mradi ukifa, ardhi inarudi kwa wenyewe.

Nne, iulizwe habari ya uchafu. Lami na maji ya moshi yakimwagwa mtoni yataua samaki na kuharibu kisima. Mkumbuke Prémery. Ni afadhali fedha za kusafisha ziwekwe akiba mwanzoni, kiwanda kinapofunguliwa, kuliko kumtafuta mwenye kiwanda siku kikifungwa. Nao vijana waonywe kwamba spiriti ya mti si kinywaji. Methanoli hupofusha macho na kuua, hata kwa kiasi kidogo.

Tano, tusingoje kiwanda ili tuanze kutenda. Tanuri lililopangwa vizuri, kwa kuni zilizokaushwa na kuwekewa bomba la moshi, kama lile la Casamance lililoanzia Senegali, hutoa mkaa mwingi zaidi kwa miti michache zaidi. Parokia zenye wachoma mkaa ziwatafutie mafunzo hayo kwa wataalamu wa misitu, ziwasaidie kuunda kikundi, kuweka akiba na kuuza kwa bei moja. Mchoma mkaa aliyejiunga na wenzake, siku kiwanda kikija, atakaa mezani kama mshiriki. Aliye peke yake ataajiriwa kibarua katika msitu wa babu yake.

Twajua kwamba wapo watakaosema: acheni misitu kabisa, isiguswe na mtu. Tunawaheshimu, lakini tunawaomba wakumbuke kwamba msitu usioguswa kwenye karatasi huguswa usiku. Wapo pia watakaosema: maendeleo hayasubiri mikutano. Kwao tunajibu kwamba mti wa miombo umesubiri miaka thelathini ili ukue, basi mkataba unaweza kusubiri miezi mitatu ili usomwe.

Ndugu wapendwa, sayansi ya kuugeuza moshi kuwa mali imekwisha kupatikana, wala haitarudi nyuma. Haki ya kuigawa mali hiyo haipatikani kwenye bomba la kiwanda. Hupatikana katika kikao, katika ramani, katika daftari la mapato linalosomwa mbele ya watu wote. Kazi hiyo hakuna mhandisi atakayetufanyia. Basi yeyote atakayekuja kuutaka mti wetu na atukute tumekwisha kukaa, mipaka imechorwa, sheria ndogo zimepitishwa, na kila mmoja wetu anajua kilichoandikwa ndani yake.